Chuma Kisichobeba Kitu

Nyumba aliyotuachia baba yetu iko katika Mji Mkongwe wa Unguja, na katika ukumbi wake wa juu palikuwa na chuma kimoja ambacho sisi tulikijua kabla ya kujua kusoma. Kilikuwa na unene wa kidole gumba, kimepita juu ya vichwa kutoka ukuta wa mbele mpaka ukuta wa nyuma, wala hapakuwa na kitu kilichokiegemea. Boriti za dari zilikuwa juu yake, mbali nacho. Mama yetu akitundika pazia pale, nasi tulipokuwa wadogo tukipanda juu ya kiti na kukipiga kwa mpini wa kijiko, nacho kikilia kama kengele. Upande wa nje, katika uso wa nyumba unaoelekea njiani, ncha yake ilitokeza ukutani ikashikwa na bamba la chuma lenye umbo la nyota. Wapita njia wengi walidhani nyota ile ni pambo, na sisi wenyewe tulidhani hivyo.

Twaandika habari za chuma kile kwa kuwa tulikikata, na kosa lile nusura litupotezee mzazi wetu. Pengine katika wasomaji wetu wamo wanaokaa katika nyumba za namna hii, nao wana chuma kama kile ukumbini mwao, na wanakitazama kila siku wakijiuliza kina kazi gani.

Kwanza yatupasa tumtaje baba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kila mwaka katika mwezi wa Shaaban, nyumba ilipopakwa chokaa kwa kuukaribisha mwezi mtukufu wa Ramadhani, alikuwa akiweka ngazi, akapanda na kitambaa kilicholowa mafuta, akakifuta chuma kile kutoka ncha hii mpaka ncha ile. Kisha alitoa ufunguo wa mlango mkubwa mfukoni mwake, akakigonga mara moja, akatega sikio. Kilipokwisha kulia alisema, "Alhamdulillahi," akashuka. Sisi tulicheka. Tulisema kwamba mzee huyu, anayetukataza kukipiga kwa kijiko, naye ana mchezo wake mara moja kwa mwaka. Hatukumwuliza anasikiliza nini, wala yeye hakutwambia. Alifariki mwaka 2004, na tangu siku hiyo hapana aliyekigonga tena.

Mwaka 2011 nyumba ilikuwa na harusi. Binti ya ndugu yetu mkubwa alikuwa anaolewa, na wageni walitazamiwa kutoka Mombasa, Tanga na Maskati. Tulitaka ukumbi upendeze. Tuliazimia kuweka dari mpya ya mbao nyepesi chini ya boriti, na chuma kile kilikuwa kikipita mahali dari ilipotakiwa kukaa. Juu ya hayo, kilikuwa na kutu, na kila masika michirizi myekundu ilishuka ukutani na kuharibu chokaa. Tukasema, na kiondolewe.

Mama yetu alikuwa ameketi juu ya kitanda chake akivuta tasbihi. Alituambia kwa upole, "Wanangu, baba yenu hakupenda kile chuma kiguswe."

Tukamjibu, "Mama, kile hakibebi kitu. Tazama, hata boriti moja haikukilalia. Mambo ya ujenzi wewe huyajui."

Maneno haya ya mwisho twayaandika kama yalivyotamkwa, ijapokuwa twaona haya kuyaandika. Mama alinyamaza. Fundi wa vyuma tuliyemwita akapanda na msumeno. Alipokuwa karibu kumaliza, chuma kilitoa mshindo kama wa bunduki, na fundi nusura aanguke kutoka ngazini. Zile ncha mbili ziliachana, na nafasi baina yao ilikuwa pana kuliko unene wa msumeno uliozikata. Sote tuliliona jambo hilo. Tulicheka kwa kushtuka, tukaendelea na kazi. Dari ilitengenezwa, harusi ikafana, wageni wakaondoka wakiusifu ukumbi.

Masika ya mwaka uliofuata ulitokea ufa katika pembe ya ukumbi, mahali ukuta wa mbele unapokutana na ukuta wa ubavuni. Ulikuwa mwembamba kama unywele. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tulijiona watu wanaotii maneno ya wahenga. Tuliuziba kwa saruji, tukapaka rangi, tukashukuru. Mwaka wa pili ufa ulirudi pale pale, mpana zaidi, tukauziba tena. Basi ikawa ndiyo desturi ya nyumba: kila mwaka ufa unafunguka, na kila mwaka twauziba. Milango ya dirisha ikaanza kukataa kufunga. Sakafu karibu na ukuta wa mbele ikaanza kuinama, hata mpira wa watoto ukiachwa katikati ya ukumbi ulibingirika wenyewe kuelekea njiani. Yote haya tuliyaona moja moja, na kila moja tuliliwekea sababu yake. Mlango tulisema umevimba kwa maji. Sakafu tulisema ni ya zamani.

Kitanda cha mama kilikuwa chini ya dirisha la mbele, kwa sababu alipenda upepo na kusikia adhana.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka. Kila mtu wa Unguja analijua jumba lile lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, linaloikabili bahari pale Forodhani. Lilikuwa katika matengenezo siku hiyo, na watu wawili walifariki. Siku zilizofuata, wenye nyumba za kale katika mji wetu walianza kutazama kuta zao kwa macho mengine, na sisi tulikuwa miongoni mwao. Usiku ule hatukulala. Tulihesabu miaka ya ufa wetu, tukakuta ni minane.

Tulimwita mwashi mmoja mzee ambaye ametumia umri wake katika kutengeneza nyumba za chokaa. Alipoingia alimwamkia mama kwanza, akamwuliza hali, kisha akapanda ukumbini. Hakuutazama ufa. Alitazama juu, akaviona vile vipande viwili vya chuma vilivyokatwa vikitokeza ukutani juu ya dari yetu nzuri, na akakaa kimya kitambo. Halafu akauliza, "Kilipokatwa, kilipiga kelele?"

Tukasema ndiyo, kilipiga.

Akasema, "Wanangu, chuma kisichobeba kitu hakipigi kelele kikikatwa."

Akateremsha timazi kutoka dirisha la juu mpaka chini, akatuonyesha kwa macho yetu kwamba ukuta wa mbele umetoka nje kwa upana wa vidole vinne. Alipasua kipande cha dari, akatuita tutazame mahali boriti zinapoingia ukutani. Boriti ambazo zamani ziliingia ndani ya ukuta kwa kadiri ya shubiri moja, sasa zilikuwa zimebakiwa na sehemu ndogo tu ya kulalia. Ukuta ulikuwa unaondoka polepole, unaziacha boriti nyuma. Kama ungalisogea kidogo tena, sakafu ingalikosa pa kulalia na kuangukia chini, pamoja na kitanda na aliyelala juu yake.

Jioni ile ile tulimhamisha mama kwenda nyumba ya dada yetu. Hakuuliza sababu. Alichukua msahafu wake na tasbihi yake, akateremka ngazi akishikwa mkono.

Siku ya pili mwashi alianza kutufundisha, na mafunzo yake twayaeleza hapa kwa ufupi kwa manufaa ya wasomaji.

Nyumba zetu hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zina unene wa nusu mita na zaidi. Jiwe ni kitu chenye subira kubwa ya kukandamizwa: uliweke chini na upange mengine juu yake kiasi utakacho, halitalalamika. Lakini jiwe na chokaa havina nguvu ya kuvutwa. Ukuta ukivutwa kutoka pande mbili hupasuka upesi, na ule mpasuko ndio ufa. Chuma nacho ni kinyume: kikiwa chembamba na kirefu ukikikandamiza kitapinda, lakini ukikivuta kina nguvu za ajabu. Chuma cha kawaida chenye kipenyo cha milimita 20, yaani unene wa kidole gumba, chaweza kuvutwa kwa uzito wa tani 4 kisidhurike. Kwa hiyo jiwe na chuma vikisaidiana, kila kimoja hutoa kile mwenzake asichokuwa nacho.

Sasa, ukuta mrefu wa mbele una nini cha kuuzuia usiinamie njiani? Sisi tulidhani boriti zinauzuia. Mwashi alitwambia, "Boriti imeukalia ukuta, haikuushika." Mti umelala juu ya jiwe kama mtu aliyekaa juu ya baraza, baraza likiondoka, hana cha kulizuilia. Mvua ikipenya kutoka paani, chokaa hulainika, ncha za boriti huoza, na ukuta huanza kusogea kwa unywele mmoja kila mwaka. Ndipo waashi wa zamani wakapitisha chuma kutoka ukuta huu mpaka ukuta wa pili, wakakitia mabamba nje pande zote mbili, wakakikaza kwa nati. Lile bamba la nyota si pambo. Ni kiganja kilichofunguliwa juu ya kifua cha ukuta, ili nguvu ya chuma isikusanyike mahali pamoja na kulitoboa jiwe, bali ienee.

Basi chuma kile hakikubeba nyumba, na katika hili tulisema kweli. Kuta ndizo zilizoibeba nyumba. Kazi yake ilikuwa kuzizuia kuta zisiachane, na kazi hiyo haionekani kwa macho maadamu inafanywa. Twaweza kuijua kwa masikio tu. Chuma kilichovutwa kikigongwa hulia kama uzi wa udi uliokazwa. Chuma kilicholegea hutoa sauti nzito isiyo na uhai. Mwashi aliposema hayo tulitazamana sisi ndugu, wala hapana aliyeweza kusema neno. Tulikuwa tumemwona baba kwenye ngazi na ufunguo mkononi. Kila mwaka alikuwa akiiuliza nyumba yake kama bado imeshikana, na kila mwaka ilimjibu, naye akamhimidi Mola wake. Sisi tukadhani ni mchezo.

Tukamwuliza mwashi habari ya ufa tuliouziba miaka minane. Akasema kwamba wahenga hawakukosea, ila sisi tuliyafahamu maneno yao nusu. Ufa ni shahidi. Anayeuziba bila kuuliza umetoka wapi amemfunga shahidi mdomo, na kesi ikabaki vile vile. Yeye alifanya kinyume cha tulivyofanya sisi: aliondoa saruji yetu, akaweka juu ya ufa vipande vidogo vya kioo vilivyogandishwa ncha zote mbili, akaandika tarehe pembeni ya kila kimoja. Ukuta ukiwa bado unatembea, kioo hupasuka. Ukisimama, kioo husalimika. Wiki ya pili kioo cha juu kilipasuka.

Kibali cha mamlaka ya Mji Mkongwe kilipopatikana, kazi ilianza. Kwanza alisimamisha miega ya miti chini ya boriti zote za mbele, ili uzito wa sakafu uondoke juu ya ukuta mgonjwa. Kisha alitengeneza milizamu ya paa, kwa kuwa alisema haina faida kumfunga mgonjwa kitambaa hali maji yanamwagika juu yake. Ndipo alipotoboa kuta na kupitisha vyuma viwili vipya vilivyotiwa zinki kwa ajili ya kutu, kila kimoja na mabamba yake na nati zake. Alivikaza polepole mno. Alizungusha nati robo duara, akaacha, akaenda kutazama vioo, akarudi baada ya siku mbili akazungusha robo nyingine.

Sisi tulikuwa na haraka. Tulimwuliza kama hawezi kuuvuta ukuta ukarudi mahali pake. Alijibu, "Hatukuja kuurudisha. Tumekuja kuuzuia. Ukuta wa chokaa ukiulazimisha utavunjika mikononi mwako."

Baadaye tulisoma kwamba kurudisha ukuta kumewahi kufanywa kweli, mjini Paris, mwanzoni mwa karne ya 19, katika jengo la Conservatoire des Arts et Métiers. Kuta mbili zilikuwa zimesukumwa nje na uzito wa dari ya matao. Mtu aitwaye Molard alipitisha vyuma kutoka ukuta mmoja mpaka wa pili, akavipasha moto kwa zamu. Chuma kikipashwa moto hurefuka: chenye urefu wa mita 4 kikiongezewa joto la digrii 100 hurefuka kwa karibu milimita 5. Kikisha kurefuka, nati hukazwa mpaka ibane ukuta. Kikipoa hujikunja kurudi urefu wake wa kwanza, na katika kurudi huko huuvuta ukuta pamoja nacho. Akafanya hivyo kwa vyuma hivi, kisha kwa vile, mpaka kuta zikarudi. Tulimsomea mwashi wetu habari hii naye akapendezwa nayo sana. Walakini hakubadili shauri lake. Alisema, "Ukuta wa yule bwana ni wa yule bwana. Huu naujua."

Kitu kimoja alichokifanya kilitushangaza. Vile vipande vya chuma cha zamani vilivyobaki ukutani alivitoa vyote, wala hakuvirudisha. Alituonyesha jinsi kutu ilivyovila. Katika hewa ya bahari chumvi huiharakisha kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa zaidi ya mara mbili kuliko chuma iliyokila, kwa hiyo huvimba ndani ya ukuta na kulipasua jiwe. Chuma cha babu yetu kilikuwa kimechoka, na pengine miaka kumi mbele kingalikatika chenyewe. Basi hata katika habari ya ile michirizi myekundu hatukukosea: chuma kilihitaji kuondolewa. Kosa letu ni kwamba tulikiondoa bila kuuliza kinashika nini, na bila kuweka kingine kabla ya kukikata.

Twalisema jambo hili kwa makusudi, kwa sababu wako vijana wanaodhani wazee wakisema "kisiguswe" ndiyo mwisho wa maneno, na wako wengine wanaodhani cha zamani chote ni takataka. Mama yetu hakujua kazi ya chuma kile. Tulipomwomba radhi, naye akatusamehe, alitwambia, "Mimi ujenzi siujui, kweli mlisema. Nilimjua baba yenu tu." Alijua kwamba mume wake hakuwa mtu wa kupanda ngazi kila mwaka kwa jambo la upuuzi. Elimu hiyo ilikuwa ndogo, lakini ilitosha kutufanya tuulize, kama tungalikuwa na adabu ya kuuliza.

Mwaka 2023 tulijaaliwa kwenda Umra, na katika kurudi tulipita Istanbul siku tatu. Kwa sababu ya yaliyotupata, tulipoingia katika msikiti wa Süleymaniye macho yetu yalitafuta vyuma kabla ya kutazama mapambo. Navyo vipo. Msikiti ule ulijengwa baina ya mwaka 1550 na 1557 na Sinan, mkuu wa wajenzi wa Sultani Süleyman. Ukisimama uani na kutazama matao yanayozunguka, utaona fimbo za chuma zimepita kutoka kichwa cha nguzo moja mpaka cha nguzo ya pili, pale tao linapoanzia. Mgeni hudhani zimewekwa kwa kutundikia taa. Lakini tao, kwa umbo lake, husukuma miguu yake nje kama mtu anayeteleza kwa kupanua miguu. Chuma huishika miguu ile isiachane, na ndiyo maana nguzo nyembamba kama zile zaweza kusimama.

Kuba nayo ni hivyo hivyo, ila yasukuma pande zote. Mjini humo humo iko Ayasofya, iliyojengwa kuwa kanisa baina ya mwaka 532 na 537. Kuba yake ya kwanza ilianguka mwaka 558 baada ya tetemeko la ardhi, ikajengwa nyingine ndefu zaidi kwenda juu. Baada ya mwaka 1453 ilikuwa msikiti, na katika karne ya 16 Sinan aliiongezea nguzo kubwa za kuegemeza kutoka nje. Kisha baina ya mwaka 1847 na 1849 Sultani Abdülmecid aliwaweka ndugu wawili, Gaspare na Giuseppe Fossati, kuitengeneza, nao katika kazi yao waliifunga kuba kwa mnyororo wa chuma, kama pipa linavyofungwa kwa pete. Tulisimama chini ya kuba ile tukafikiri: hili ni jengo la kuwastaajabisha wafalme, na shida yake ni ile ile ya ukumbi wetu mdogo wa Unguja. Vinavyobeba mzigo hutaka kuachana, na lazima kiwepo cha kuvishika.

Hapo ndipo tulipoikumbuka hadithi ambayo tuliihifadhi chuoni, iliyopokewa na Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), ambamo Mtume wetu (s.a.w.) aliwafananisha Waumini na jengo ambalo sehemu zake hutiana nguvu, kisha akaviingiza vidole vyake vya mkono mmoja baina ya vidole vya mkono mwingine. Tangu utotoni tuliisikia hadithi hii tukafikiri juu ya mawe yaliyopangwa. Hatusemi kwamba makusudio yake ni vyuma. Hilo si letu kulisema. Lakini msomaji na ajaribu mwenyewe. Aweke kiganja juu ya kiganja, kisha avitenge. Vitatengana bila taabu. Kisha aingize vidole baina ya vidole, avute. Atafahamu kwamba kukaa pamoja si sawasawa na kushikana.

Katika kila nyumba yuko mtu ambaye ukihesabu kazi za nyumba hutamhesabu. Hachumi, hapiki tena, halipi kodi. Yumo ukumbini tu, akivuta tasbihi. Ndugu waliokosana hukutana kwake siku ya Ijumaa kwa sababu hapana awezaye kukosa kumwamkia, na wakikutana husalimiana, na wakisalimiana ugomvi hupungua. Siku akiondoka ndipo wenye nyumba husikia mshindo. Miezi mitatu mama alipokuwa kwa dada yetu, sisi ndugu tuliofanya kazi moja ya kuinusuru nyumba tuligombana juu ya gharama zake mara nne, na kila mara tulipatana sebuleni kwake, ijapokuwa yeye hakusema neno katika ugomvi ule.

Kwa wasomaji wenye nyumba za kale tuna nasaha chache tulizozinunua kwa bei kubwa. Ukikuta chuma kinavuka chumba chako, usikikate. Na kama kina kutu, muite mjuzi aweke kipya kwanza ndipo cha zamani kiondoke. Ukiona ufa, usiharakishe kuuziba. Uandikie tarehe, utazame kama unakua, na uchunguze maji ya mvua yanapita wapi. Usitie saruji ngumu katika ukuta wa chokaa, kwani huzuia unyevu usitoke na haiendi pamoja na ukuta. Milango ikikataa kufunga na sakafu ikiinama kwa pamoja, watoe watu kwanza, maswali yafuate baadaye. Mji Mkongwe wetu uliandikwa mwaka 2000 katika orodha ya Urithi wa Dunia, lakini orodha haishiki ukuta. Wanaoukaa mji ndio wa kuutazama.

Mama alirudi nyumbani mwaka 2021, siku chache kabla ya Ramadhani. Macho yake yalikuwa yamedhoofu, hakuweza kuviona vyuma vipya vilivyovuka juu ya kitanda chake. Alituuliza kama vimewekwa, tukasema vimewekwa. Akasema, "Hebu kigongeni." Ndugu yetu mkubwa akapanda ngazi na ule ufunguo wa mlango mkubwa, akakigonga cha kwanza, kisha cha pili. Vililia, kila kimoja kwa sauti yake, na mlio ukakaa ukumbini kitambo kabla ya kwisha. Mama alitega sikio kama alivyokuwa akitega baba.

Akasema, "Alhamdulillahi."

Sasa kila Shaaban kazi ile hufanywa na kijana mmoja wa nyumba yetu mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Naye hatukumwachia afikiri kuwa ni mchezo. Tumemweleza kinachovutwa na kinachozuiwa, tumempandisha ngazini na kumwonyesha bamba na nati, na tumemwambia habari za msumeno wetu bila kuficha. Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotushikia nyumba zetu bila kutwambia, na atujaalie sisi tuwashikie wanetu na tuwaambie. Amin.